Nyumba ya Lamu huanza na maji: birika, choo, chokaa na mtaa

Kisiwa cha Lamu hakina mto. Maji matamu yaliyo chini ya ardhi yake ni mvua iliyopenya mchanga, hasa kwenye matuta ya Shela, ikakaa juu ya maji ya bahari kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kuliko matamu. Hesabu yake ni hii: kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yameinuka juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa itazame hesabu hiyohiyo kwa upande wa hatari. Uso wa maji ukishuka sentimita 10 kwa kuvutwa kupita kiasi, kule chini chumvi hupanda mita 4. Ndiyo sababu kisima kinaweza kuwa kitamu mwaka huu, na baada ya miezi michache ya pampu kubwa kikageuka. Kukirudisha huchukua miaka.

Basi anayetaka kujenga au kukarabati nyumba inayotunza kisiwa aanze na maji, kabla hata ya kumwita fundi kupima msingi. Chokaa, boriti, miti na umeme wa jua vyote vitapangwa baada ya kujua mvua ya paa itakwenda wapi na maji machafu yatatokea wapi.

Mvua ya paa

Chukua eneo la paa kwa mita za mraba, zidisha kwa mvua ya mwaka kwa mita, kisha zidisha kwa 0.8, maana sehemu ya mvua hunywewa na paa, huruka na upepo au hukauka. Kwa Lamu tumia milimita 900, yaani mita 0.9. Paa la mita za mraba 60 litakupa 60 × 0.9 × 0.8, sawa na mita za ujazo 43, au lita 43,000 kwa mwaka. Familia ya watu 5 inayotumia lita 30 kwa kila mtu kwa siku huhitaji karibu lita 55,000. Paa peke yake limebeba zaidi ya robo tatu ya mahitaji.

Tatizo ni kwamba mvua haiji kwa usawa. Nyingi huanguka kati ya Aprili na Juni, vuli huongeza kidogo Oktoba na Novemba, kisha kaskazi huanza kuvuma na jua hushika hadi Machi. Birika lipimwe kwa kiangazi hicho, siku 120. Ukitaka maji ya kunywa na kupikia tu, lita 10 kwa mtu, watu 5 kwa siku 120 ni lita 6,000: birika la ndani mita 2 kwa 2, kina mita 1.5. Ukitaka matumizi yote ya lita 30, ni lita 18,000, yaani mita 3 kwa 3, kina mita 2. Wengi hukosea hapa kwa kununua tangi la plastiki la lita 2,000, linajaa kwa mvua chache kubwa, halafu masika yote yaliyobaki humwagika mtaani. Afadhali birika kubwa moja chini ya sakafu ya kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), mahali penye kivuli, kuliko matangi madogo matatu yaliyopigwa na jua juu ya dari.

Maji ya makuti usiyapeleke kwenye birika la kunywa. Hutoka na rangi ya chai, hubeba vumbi la majani na uchafu wa popo. Kusanya kutoka sakafu ya juu iliyopigiliwa kwa chokaa, au kutoka mabati. Ukitumia mabati karibu na bahari, chagua ya alumini au yaliyopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Ya zinki tupu huanza kula kutu mapema, na kutu huanzia kwenye misumari. Misumari na skrubu ziwe za aina isiyogombana na bati. Ukichanganya shaba na alumini, chumvi ya hewani itamaliza alumini.

Gata iteremke sentimita 1 kwa kila mita. Chini ya gata weka pipa la kutupa mvua ya kwanza kabla ya maji kuingia birikani. Mvua ya kwanza huosha paa: vumbi, mavi ya kunguru, majani. Kiasi cha kutupa ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Baada ya kiangazi kirefu tupa mara mbili yake. Kwa paa la mita 60 hiyo ni lita 60 hadi 120, kwa hiyo pipa la lita 120 latosha. Mafundi wengine huweka bomba la inchi 4 lililosimama badala ya pipa. Mita 1 ya bomba hilo hubeba kama lita 8 tu, kwa hiyo la mita 2 halifanyi kazi unayodhani. Ndani ya pipa weka mpira unaoelea, uzibe mlango pipa likijaa ili maji safi yapite kwenda birikani. Chini kabisa toboa tundu la milimita 3 ili pipa lijitoe lenyewe polepole kabla ya mvua ijayo. Tundu hili huziba kwa mchanga. Likiziba, pipa hubaki limejaa na mvua chafu yote huingia birikani bila mtu kujua. Liangalie kila wiki wakati wa masika.

Kuta za birika zikijengwa kwa mawe, lipu ya ndani iwe ya chokaa iliyotiwa vumbi la matofali, kwa sababu chokaa tupu haishiki chini ya maji. Saga matofali mekundu yaliyochomwa kwa moto wa wastani, si yale yaliyoungua yakawa meusi na kung'aa, upepete kwa chekeche ya unga. Changanya karai 1 ya chokaa, karai 1 ya vumbi hilo na karai 2 za mchanga. Piga mapaka (matabaka) matatu, yasizidi milimita 10 kila moja, na pembe zote uzizungushe kwa chupa, zisiwe kali. Birika huvuja pembeni kwanza. Funika kwa magunia yenye maji siku 21. Jaza theluthi moja, ngoja siku tatu, ongeza theluthi nyingine. Maji ya kwanza yatakuwa makali ya chokaa. Yatumie kuchanganyia udongo wa ujenzi, usiyanywe.

Birika lililojitenga na kuta za nyumba unaweza kulipiga saruji, na hapo hatuna ugomvi na saruji. Ugomvi uko kwenye kuta za matumbawe, tutaufikia.

Kwa mbu, ziba kila mdomo kwa wavu wa tundu la milimita 1, pamoja na bomba la kumwagia ziada. Hilo la ziada husahaulika, na mbu hupita hapohapo. Birika la chooni lililo wazi, la maji ya kuoga na kutawadha, tufuate wazee wa Lamu: visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure lililozamishwa kwenye sakafu ya birika ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Birika hilo lisitiwe dawa, maana samaki watakufa. La kunywa ndilo hutiwa: kwa maji ya klorini ya kung'arishia nguo, yasiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita 55 hivi kwa kila lita 1,000, koroga, ngoja nusu saa. Soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa; ikiwa tofauti, hesabu nayo hubadilika.

Maji ya ziada, birika likijaa, yapeleke kwenye shimo la mita 1 kwa 1, kina mita 1.5, lililojazwa mawe. Ni maji safi, yarudi ardhini kwa ajili ya kisima chako na cha jirani. Hili pekee ndilo shimo linaloruhusiwa kuwa karibu na kisima.

Kisima

Pampu ndogo ya lita 500 kwa saa inayofanya kazi saa nne haina madhara kama pampu ya lita 4,000 inayomaliza kazi kwa nusu saa. Kiasi ni kilekile, lakini pampu kubwa hunyonya chumvi ikapanda chini ya kisima kama mdomo wa faneli uliogeuzwa. Chimba hadi ufikie maji, kisha usizidishe zaidi ya mita moja au mbili. Kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi. Nunua kipimo kidogo cha kupima chumvi majini, uandike namba yake tarehe 1 ya kila mwezi ukutani mahali pa kuonekana. Namba ikipanda miezi miwili mfululizo, punguza uvutaji nusu, usingoje ulimi uhisi. Ulimi huchelewa sana.

Choo

Hapa ndipo visima vya mji vimeumia, na hapa ndipo penye haja ya kusema bila kuficha. Shimo la choo lililochimbwa kwenye mchanga au kwenye mwamba wenye nyufa hupeleka uchafu moja kwa moja kwenye maji tunayochota. Umbali wa mita 30 kati ya choo cha shimo na kisima ndio wa chini kabisa, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 2 juu ya maji. Kwenye vichochoro vya mji wa kale umbali huo haupatikani, na gari la kunyonya maji taka haliwezi kuingia. Choo kikavu chenye vyumba viwili ndicho kinachofaa.

Jenga vyumba viwili vya chini, kila kimoja mita 1 kwa 1, kina sentimita 80, sakafu yake ikiwa juu ya ardhi, isivuje. Kinyesi cha mtu mzima pamoja na jivu hujaza kama lita 100 kwa mwaka, hivyo watu 5 hujaza lita 500 na chumba kina nafasi. Tumia kimoja mwaka mzima, kifunge, hamia cha pili. Baada ya miezi 12 cha kwanza kimekuwa udongo usionuka. Kitoe, ukizike chini ya miti ya matunda, si kwenye mboga.

Vitabu vya nje huchora choo hiki kwa watu wanaotumia karatasi. Kwetu hakifai hivyo. Mtu anachamba kwa maji, na maji yakiingia chumbani choo hulowa, hunuka na nzi hujaa. Kwa hiyo sakafu iwe na sehemu tatu: tundu la kinyesi, bakuli la mkojo mbele yake lenye bomba lake, na pembeni, hatua moja, mahali pa kuchambia penye mteremko na bomba lake. Maji ya kuchambia yaende kwenye kitanda cha mchanga na changarawe, mita 1 kwa 2, kina sentimita 60, kilichopandwa migomba, mbali na kisima. Mkojo ukusanywe kwenye dumu, uchanganywe kipimo 1 kwa 10 na maji, umwagiwe miti. Kila baada ya haja tia kopo moja la jivu kavu. Ukikosa jivu, chokaa ya unga au vumbi la mbao. Harufu ikija, sababu ni moja kati ya mbili: maji yameingia au jivu halitoshi.

Jambo la kupanga mapema: kutoka Lamu kibla ni karibu kaskazini kabisa. Choo kielekee mashariki au magharibi, ili mtu asiielekee kibla wala kuipa mgongo. Likikosewa kwenye zege hakuna wa kulirekebisha kwa bei rahisi, na watu wa nyumba hawatakitumia kwa raha.

Maji ya jikoni na bafuni

Chimba shimo la duara, upana mita 2, kina sentimita 80, udongo wake uupange ukingoni kama tuta. Lijaze makumbi, majani makavu, matawi, samadi ya punda, mpaka lisimame juu ya ardhi kama kichuguu. Litashuka, utaendelea kuongeza. Panda migomba 4 hadi 6 kwenye tuta, mipapai miwili katikati yao, na viazi vitamu kufunika ardhi. Shimo moja hivi linameza lita 100 hadi 150 kwa siku. Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye ndoo ya lita 20 yenye makumbi yaliyochambuliwa ndani yake ili mafuta ya kukaangia yakamatwe. Badilisha makumbi kila wiki. Bila ndoo hiyo mafuta huziba mchanga na baada ya miezi mitatu una dimbwi la mbu. Sabuni ya mche haina shida kubwa. Dawa ya kung'arisha nguo na maji ya chumvi ya samaki huua migomba.

Chokaa, na kwa nini si saruji

Ukuta wa matumbawe wa Lamu, wenye unene wa karibu nusu mita, ni kama sifongo. Hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, na huutoa kupitia lipu. Chokaa humwachia ukuta kupumua. Saruji hufunga. Unyevu ukikosa njia hupanda juu ndani ya ukuta, ukifika kwenye vichwa vya boriti huvioza, na chumvi iliyomo hujikusanya nyuma ya saruji, huganda, huvimba na kuisukuma. Baada ya misimu michache saruji hubanduka kwa vipande vikubwa ikiondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba hufikiri saruji ilikuwa haba, huongeza. Ndivyo nyumba za mamia ya miaka zinavyoharibiwa na watu wanaozipenda.

Chuma cha zege nacho: chumvi ya mawe, ya mchanga na ya hewa hukifikia, kikashika kutu, kikavimba, kikapasua zege.

Chokaa ya kununua ya mfuko inafaa ikiwa ni ya ujenzi na bado hai. Chokaa ya shamba ni mawe yaliyosagwa tu, haishiki. Jaribio ni rahisi: weka kijiko kwenye kisahani, ukamulie ndimu. Ikifanya povu jingi, ni ya shamba au imezeeka kwa hewa, irudishe. Nzuri haitoi povu, au hutoa kidogo sana. Iloweke kwenye pipa, maji yafunike juu sentimita 5, angalau siku 7. Mwezi ni bora, miezi mitatu ni bora zaidi. Chokaa haiharibiki ikiwa chini ya maji. Chokaa ya tanuri, iliyochomwa kwa kuni, hutumia kuni nyingi mno, na ikichomwa kwa matumbawe ya baharini inamaliza mwamba unaozaa samaki. Kama ni lazima, tumia mawe ya nchi kavu. Ukiizima kwa maji, tia chokaa ndani ya maji, kamwe usitie maji juu ya chokaa: huchemka na kuruka, na jicho moja likipatwa ni hasara ya maisha. Miwani na glavu kwa kila fundi, na ndoo ya maji safi karibu.

Mchanga usiwe wa pwani wala wa matuta ya Shela. Wa pwani una chumvi itakayokutesa miaka yote, na wa matuta ndio chujio na hazina ya maji ya kisiwa. Tumia mchanga wa mashimo ya bara, wenye chembe kali. Uonje kwa ncha ya ulimi. Kisha tia kiasi kwenye chupa ya kioo hadi theluthi, jaza maji, tikisa, iache usiku mmoja: utando wa udongo juu ukizidi kama sehemu 1 kwa 12 ya mchanga, uoshe. Maji ya kuchanganyia yawe matamu. Fundi anayechota baharini kwa kuwa ni karibu amekuharibia kazi yote.

Mawe ya kujengea yatoke machimboni, kama ya Maweni kisiwani Manda, na yapigwe na mvua ya masika moja kabla ya kuwekwa ukutani ili chumvi ishuke. Hii ni subira ya miezi tu, na faida yake utaiona miaka 50. Punda abebe mfuko mmoja wa kilo 50, asizidishiwe. Safari za ziada zihesabiwe kwenye bei tangu mwanzo.

Vipimo: kwa kujengea, karai 1 ya chokaa iliyolowekwa kwa karai 3 za mchanga. Kwa lipu ya kwanza, kiasi hichohicho, ukitomea vijiwe vidogo kwenye mashimo yote yanayozidi sentimita 2. Usijaze shimo kwa chokaa tupu, itapasuka. Paka la pili karai 1 kwa 2.5, unene usizidi milimita 10. Niru ya mwisho ni chokaa laini iliyochujwa, milimita 2 au 3, iliyosuguliwa hadi ing'ae. Kati ya paka na paka, ngoja siku moja kwa kila milimita moja. Lipu ya milimita 10 ni siku 10, na fundi atakulalamikia. Mlipe kwa kazi nyingine siku hizo.

Kosa kubwa ni kukausha haraka. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu. Ikikauka kabla hubaki unga. Ukiipangusa kwa mkono ikatoka nyeupe kwenye kiganja baada ya mwezi, ilikaushwa. Nyunyizia maji mara tatu kwa siku, tandika magunia yaliyolowa, funika dirisha linalopigwa na upepo. Msimu wa kazi hii ni Julai hadi Septemba, wakati wa kusi, hewa ikiwa na baridi kidogo. Wakati wa kaskazi kavu, Januari na Februari, acha.

Ukikuta nyumba imeshapigwa saruji, ibandue kwanza sehemu ya chini, mita 1 kutoka ardhini, kwa patasi si kwa nyundo kubwa. Acha ukuta wazi msimu mzima. Chumvi itajitokeza kama unga mweupe. Isugue kwa brashi kavu, izoe, uipeleke mbali. Usioshe kwa maji, maana chumvi itayeyuka na kurudi ndani.

Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kazi yoyote inayogusa sura au muundo wa nyumba ndani yake huhitaji idhini. Nenda ofisi ya Makumbusho ya Taifa na ya kaunti na mchoro mkononi kabla ya kuvunja hata kidaka (kishubaka cha ukutani).

Boriti na sakafu

Vyumba vya Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko huvuka salama kama mita 2.8 tu. Usijaribu kuongeza upana kwa kuunga boriti. Zipange sentimita 25 hadi 30 kati ya moja na nyingine, juu yake vibao vya mawe, kisha zege ya chokaa inayopigiliwa kwa vipande (vijiti vya kupondea) siku tatu au zaidi, ikinyunyiziwa maji ya chokaa, mpaka kipande kiruke. Unene wa sentimita 20 una uzito wa kama kilo 360 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo zege ya pili juu ya ya zamani iliyovuja ni hatari. Ondoa ya zamani. Sakafu ya juu iteremke sentimita 2 kwa mita kuelekea mlizamu (mfereji wa kutolea maji ya paa).

Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko ya Kenya, na hiyo haimaanishi ni ya kumalizwa. Nunua kwa mkataji mwenye kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, uone karatasi. Boriti za nyumba iliyobomolewa mara nyingi ni nzuri kuliko mpya: zigonge kwa nyundo kutoka kichwa hadi kichwa, sauti ya uwazi ni kuoza. Kwa fremu za makuti na vivuli, mvinje unaolimwa mashambani Malindi unatosha na mkoko hubaki majini. Vichwa vyake usivizike ardhini, vikalishe juu ya jiwe.

Makuti yawe na mteremko wa digrii 45 au zaidi. Chini ya hapo maji hukaa na kuyaozesha. Yafungwe sentimita 10 kati ya kuti na kuti. Moto ndio adui yake: jiko lisikae chini yake, na mapipa mawili ya maji yakae juu ya dari daima.

Upepo na umeme wa jua

Lamu iko karibu digrii 2 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili kaskazi iingie upande mmoja na kusi upande mwingine, na kila chumba kiwe na tundu pande mbili, la juu na la chini. Chumba chenye dirisha moja kitahitaji feni usiku kucha. Paneli za jua ziinamishwe digrii 10 tu, ili mvua izioshe. Fremu za alumini, bolti zisizoshika kutu, na kuosha kwa maji matamu kila wiki mbili wakati wa kusi, kwani chumvi hujipaka juu ya kioo. Feni mbili za wati 15 kwa saa 10, taa tano na simu ni kama wati-saa 500 kwa siku. Paneli ya wati 200 inabeba hilo.

Mtaa

Nyumba moja njema katikati ya mashimo machafu haisaidii kisima. Kaeni majirani wa kichochoro kimoja, mchore visima na vyoo vyote kwenye karatasi moja, mpime hatua kati yao. Mara nyingi choo kimoja tu ndicho kinachochafua visima vitatu, na kuchangia kukibadilisha ni rahisi kuliko kununua maji ya madumu.

Kwa kivuli pandeni mkungu au mwarobaini uwanjani, mita 5 au zaidi kutoka ukuta na birika. Mizizi hufuata maji. Kiwandani, mrehani, yasmini na mlimau kwenye mitungi. Upande wa matuta, mlakasa utambaao kwenye mchanga using'olewe kwa ajili ya kupata njia ya kwenda pwani. Mlakasa ukiondoka, upepo wa kusi hubeba tuta, na mvua hukosa pa kupenya.

Samadi ya punda wa mtaa izolewe kila asubuhi kwenye shimo moja la pamoja, tabaka la samadi, tabaka la majani, ligeuzwe kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu ni mbolea.

Mwezi wa Machi, kabla ya masika, fagia paa, safisha gata, fungua tundu la pipa, kagua wavu. Paka kuta chokaa nyepesi kama maziwa, mapaka manne membamba kwenye ukuta uliolowanishwa, bila chumvi yoyote ndani yake ingawa wengine huizoea. Ukiona mstari mweupe wa chumvi umerudi ukutani, usiupake. Tafuta kwanza maji yanakotoka: mlizamu uliovunjika, birika linalovuja, au sakafu ya jirani.